Kisiki na Chipukizi: Historia ya Kukata na Kuota Upya katika Nchi ya Uzaramo

Utangulizi

Maneno mengi tunayoyatumia kueleza maisha ya jamii yametoka katika mwili wa mti. Tunataja shina la ukoo na matawi yake. Chama kilipopanga wanachama wake, kiliwaweka katika mashina na matawi, na watoto wake kikawaita chipukizi. Hata hivyo, lipo neno moja la mti ambalo halikupewa heshima hiyo, nalo ni kisiki. Kwa wengi wetu kisiki ni kitu cha kujikwaa, alama ya mti uliokwisha. Ni katika usemi wa kisiki cha mpingo tu ndipo tunapokiri kwamba kitu kilichokatwa chaweza kuwa na nguvu kuliko aliyekikata.

Dharau hiyo imeathiri hata namna tunavyoisimulia historia ya misitu yetu. Tumezoea kuhesabu miti iliyokatwa, kisha kumlaumu mwenye shoka. Makala hii inakusudia kuitazama historia hiyo kutoka upande wa kisiki. Itaonyesha, kwa mfano wa Kibaha na Kisarawe katika Mkoa wa Pwani, kwamba shoka peke yake haliui msitu wa namna hii. Unaouawa ni msitu ulionyimwa muda wa kuchipua. Kwa hiyo swali la mwanahistoria ni hili: katika kila zama, ni nani aliyekuwa na mamlaka juu ya muda huo?

Jinsi mmea unavyorudi

Mnyama akishambuliwa hukimbia. Mmea hauna miguu. Kwa sababu hiyo mmea umejifunza kutoweka uhai wake wote mahali pamoja. Majani mengi ya malisho hukua kutoka chini, karibu kabisa na udongo, mahali ambapo jino la ng'ombe halifiki. Ndiyo maana yakiliwa au yakiungua huchomoza tena mvua zinyeshapo.

Mti nao una njia yake. Chini ya gome la shina kuna macho yaliyolala, pengine kwa miaka mingi. Maadamu ncha ya mti ni nzima, hutuma chini kemikali inayoyazuia macho hayo yasiamke. Ncha ikikatwa, kizuizi huondoka na macho huamka. Chakula cha kuyalisha kimo mizizini, ambako mti umejiwekea wanga wa akiba. Kwa kuwa mizizi ni ya zamani na imeenea, chipukizi la kisiki hukua upesi kuliko mche uliotoka katika mbegu, ambao hauna budi kuanza na mizizi na majani kwa wakati mmoja.

Lakini kurudi huko kuna masharti. Gome la kisiki lisichanwe, kwa maana macho yamo humo. Akiba iwepo mizizini: mti uliokatwa wakati umetoka tu kutoa majani mapya huwa umeitumia akiba yake, na machipukizi yake huwa dhaifu. Moto usipite juu ya machipukizi, na mbuzi wasiyamalize. Zaidi ya yote, machipukizi yapewe muda wa kurudisha wanga uliotumika. Yakikatwa kabla ya kulipa deni hilo, kisiki hukopa tena. Yakikatwa mara nyingi, kisiki hufilisika na kufa.

Aidha, si kila mmea una uwezo huu. Mnazi una mahali pamoja tu pa kukulia, kileleni. Ukikata kilele umeua mnazi, na ndiyo sababu mgema hukata ncha ya kole asiguse moyo wa mti. Misindano iliyopandwa Sao Hill haichipui ikikatwa, bali hupandwa upya. Mikaratusi na mijohoro huchipua vizuri. Katika mikoko ya delta ya Rufiji, mchu hukatwa ukachipua, lakini mkoko wenyewe ukishakatwa shina haurudi. Kwa hiyo amri moja kwa miti yote, iwe ya kukata au ya kutokata, ni amri ya mtu asiyeijua miti.

Mninga unastahili kutajwa peke yake. Mche wake mchanga hukauka juu ya ardhi kila kiangazi, au huunguzwa na moto wa mbuga, kisha huchipua tena wakati wa mvua. Kwa miaka mingi mtu apitaye huona kijiti kile kile cha kimo cha goti, akadhani mti umedumaa, kumbe chini mzizi unanenepa. Siku mzizi utakapotosha, shina hupanda kwa kasi na kuupita urefu wa moto.

Konde na msitu katika zama za kale

Wazaramo, na Wakwere walio jirani zao upande wa Bagamoyo na Kibaha, walikuwa wakulima wa jembe la mkono. Walilima mtama, mpunga, mahindi na mihogo katika udongo ambao sehemu kubwa ni wa kichanga na huchoka upesi. Njia yao ilikuwa kufyeka kipande cha msitu au kichaka, kuchoma matawi, kulima misimu michache, kisha kuliacha konde lilale na kuhamia jingine.

Kilimo hicho kimelaumiwa sana vitabuni. Lakini wenye kulaumu mara nyingi hawakutazama jambo moja dogo: mkulima wa jembe la mkono hang'oi visiki. Hana plau ya kukwama, hivyo hupanda mbegu zake katikati ya visiki na mizizi yake hai. Kila palizi huyapunguza machipukizi bila kukimaliza kisiki. Siku konde linapoachwa, msitu hauanzi na mbegu zilizoletwa na upepo. Unaanza na visiki ambavyo vilikuwa vikingoja, na baada ya miaka michache pale palipokuwa na mtama pana kichaka kisichopenyeka.

Kwa maneno mengine, konde na msitu havikuwa maadui wawili. Vilikuwa vipindi viwili vya ardhi ile ile. Mpango huo ulitegemea ardhi tele, watu wachache na uhuru wa kuhama. Ulitegemea pia ujuzi: kutambua kwa vichaka vilivyoota kwamba ardhi imepumzika ya kutosha, na kujua miti ya kuachwa imesimama kwa ajili ya matunda, kivuli, dawa au mizimu. Katika unyago wa Wazaramo mti wa mkole ulihusishwa na uzazi. Mti haukuwa kuni tu.

Ujuzi huu haukuwa wa wanaume wa shoka peke yao. Mama anayechuma kisamvu au matembele hutumia kanuni ile ile kila siku. Huchuma majani machanga ya ncha, na pembeni yake machipukizi mapya hutokea. Lakini hachumi shina moja mpaka likabaki uchi, kwa sababu anajua kwamba kila jani analolitia kinuni limepunguzwa katika chakula cha muhogo ulio chini. Na muhogo ukishang'olewa, shina lake hukatwa pingili zenye macho, zikapandwa tena. Chakula kikuu cha nchi hii, basi, hutokana na vipande vya shina lililokatwa.

Sheria, reli na vita

Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani waliitwaa nchi, na pamoja na bunduki walileta mawazo mapya juu ya msitu. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilitoa sheria ya kutenga misitu ya hifadhi. Mpaka ukichorwa, ndani ya msitu mkulima hakuruhusiwa tena kufungua konde wala kurudi katika konde alilolilaza. Yafaa tuelewe uzito wa jambo hili. Kwa mtawala, kichaka kilichoota juu ya konde la zamani kilikuwa ardhi isiyo na mwenyewe. Kwa mkulima kilikuwa shamba lake lililolala, akiba ya wanawe. Pande mbili zilitazama visiki vile vile, kila moja ikaona kitu kingine.

Ni kinyume kikubwa kwamba Ulaya yenyewe ilikuwa na desturi ya zamani ya kukata miti kwa zamu ili visiki vichipue. Kwa karne nyingi vijiji vya Uingereza, Ufaransa na Ujerumani vilipata kuni, fito na mkaa kwa njia hiyo. Lakini wataalamu wa misitu wa karne ya 19 walikuwa wamegeukia misitu ya mbao ndefu iliyopandwa kwa mistari, nao waliuona msitu wa visiki kuwa wa kimaskini. Kwa hiyo waliofika Afrika hawakuwa na jicho la kuona kwamba mkulima wa Kisarawe alikuwa akifanya jambo ambalo babu zao walilijua.

Mwaka 1905 ujenzi wa reli ya kati ulianza kutoka Dar es Salaam. Njia ilipanda vilima vya Pugu, ikavuka mto Ruvu, na mwaka 1907 ikafika Morogoro. Mwaka 1914 ilifika Kigoma. Reli ilihitaji miti kwa kazi za ujenzi, na katika vipindi mbalimbali magari moshi yake yalikula kuni. Kando ya reli hiyo, na zaidi katika Tanga, lilienea zao la mkonge ambalo Dk. Richard Hindorf alilileta mwaka 1893. Katika miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida ni 62 tu iliyopona, na kutoka kwa hiyo mashamba makubwa yalitokea. Mkonge nao ni somo la mada yetu. Majani ya chini hukatwa mwaka hadi mwaka, na mapya hutokea katikati. Lakini mkataji lazima aache majani ya kutosha, la sivyo mmea hudhoofika. Bwana shamba wa kikoloni aliijua vema kanuni hii kwa mkonge. Kwa manamba aliyeukata hakuwa na huruma ya namna hiyo.

Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waliingia katika shamba la pamba walilolazimishwa kulima, wakaing'oa mimea. Hivyo vilianza Vita vya Majimaji, ambavyo moto wake ulifika hata sehemu za Uzaramo. Mwalimu anaposimulia tukio hilo darasani aitilie mkazo ile kauli ya kung'oa. Pamba ikikatwa huweza kuchipua na kutoa maotea, iking'olewa imekwisha. Mkulima wa Kiafrika aliyezoea kukata na kuacha, siku ile aling'oa. Hakuna hotuba iliyoweza kusema kwa uwazi zaidi kwamba zao hilo halikutakiwa lirudi. Na miongoni mwa sababu za vita hivyo, baadhi ya wanahistoria wamezitaja pia zile sheria za misitu zilizowafungia watu mashamba yao.

Waingereza walipoitwaa Tanganyika waliendeleza mpango wa hifadhi. Idara ya Misitu na sheria yake ziliwekwa mwaka 1921, na baadaye misitu ya Pugu, Kazimzumbwi na Ruvu ikawa na mipaka rasmi. Tusikatae kwamba mipaka hiyo iliokoa kitu chenye thamani. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambayo sasa imeunganishwa kuwa hifadhi moja ya mazingira asilia, ina mimea na wanyama wasiopatikana mahali pengi duniani. Lakini mipaka haikufundisha mtu yeyote namna ya kukata. Ilifundisha tu mahali pa kutokata, na mahali pengine pote pakaachwa bila mwalimu.

Jiji na mkaa

Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu kama 273,000 katika Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya 4,360,000. Wengi wao walipika kwa mkaa, na mkaa huo ulitoka kwanza katika misitu iliyo karibu, yaani Pugu, Kazimzumbwi, Ruvu na mapori ya Kibaha na Kisarawe. Watafiti waliopima hali hiyo waliona kwamba mwaka 1991 uchomaji wa mkaa ulikuwa umejikusanya kama kilomita 20 kutoka jijini. Mwaka 2005 ulikuwa umefika kama kilomita 50. Mstari huo ulisogea ukiacha nyuma yake vichaka vya machipukizi.

Hapa ndipo tofauti kati ya konde na tanuri inapoonekana. Mchoma mkaa naye huacha visiki, na miti ya miombo kama myombo na mtondoro huchipua vizuri. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine waliochunguza msitu wa Kitulangalo, kati ya Chalinze na Morogoro, waliona jinsi mapori yaliyokatwa kwa mkaa yanavyorudi yakiachwa kwa miaka ya kutosha. Lakini karibu na jiji hayakuachwa. Miti minene ilipokwisha, ilifuata miembamba. Iliyofuata ilikuwa machipukizi yenyewe, yaliyokatwa kwa fito na kuni kabla hayajakilipa kisiki. Mahali pengine hata miembe na mikorosho iliingia tanurini.

Ni rahisi kumlaani mchoma mkaa. Lakini yeye ni mtu wa mwisho katika mnyororo mrefu, na sehemu ndogo tu ya bei ya gunia humfikia. Katika pori lisilo na mwenyewe, mtu anayesubiri chipukizi likomae hujua kwamba mwingine atalikata kesho. Subira inahitaji uhakika wa kuvuna, na pasipo uhakika huo hata mwenye hekima huwa na haraka.

Mikorosho na miwa

Mabadiliko ya vijiji yalileta mtihani wa namna nyingine. Kati ya mwaka 1973 na 1976, katika Operesheni Vijiji, wananchi wengi wa Pwani na kusini walihamia mahali pamoja ili wapate shule, zahanati na maji. Mikorosho yao ilibaki mbali. Mwaka 1973/74 nchi ilikuwa imevuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Umbali wa mashamba, bei ndogo na ugonjwa wa ubwiri unga vilichangia pamoja. Mashamba yaliyoachwa yalifunikwa na vichaka, na vichaka hivyo vilitoka katika visiki ambavyo mwenye shamba alikuwa amevifyeka kila mwaka.

Lakini mkorosho wenyewe haukuwa umekufa. Katika miaka ya 1990 wakulima walirudi, wakafyeka, wakapogoa, wakapiga dawa ya salfa. Wataalamu wa Naliendele walionyesha pia kwamba mkorosho mzee usiozaa unaweza kukatwa shina, na machipukizi yake yakabebeshwa vikonyo vya mkorosho bora. Mizizi ya mzee ikabeba tawi la kijana. Mavuno ya nchi yalipanda tena.

Kibaha nayo ni mahali pa elimu ya mambo haya. Shirika la Elimu Kibaha, lililotokana na mapatano ya mwaka 1962 na nchi za Nordiki na kukabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970, liliweka shule, hospitali na mafunzo ya kilimo mahali pamoja. Mji huo huo una kituo cha utafiti wa miwa, ambacho sasa hushughulikia pia mihogo. Muwa ukivunwa, sehemu iliyobaki udongoni hutoa maotea, na mkulima huvuna mara kadhaa kwa gharama ya kupanda mara moja. Hata hivyo mavuno hupungua, na magonjwa kama fugwe hukaa katika mashina ya zamani. Maradhi mengine ya miwa huhamishwa na panga lenyewe, linapotoka shina moja kwenda jingine. Mihogo vilevile hubeba batobato na michirizi ya kahawia katika pingili zake. Kinachochipua hurithi afya ya shina lake, na maradhi yake pia. Kwa hiyo kujua kukata ni pamoja na kujua lini kung'oa na kuanza upya kwa mbegu safi.

Hitimisho

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imevipa vijiji nafasi ya kumiliki na kusimamia misitu yao. Tangu mwaka 2012 baadhi ya vijiji vya Kilosa vilianza kuitumia nafasi hiyo kwa mkaa. Sehemu ya msitu wa kijiji iligawanywa katika viunga vidogo vya mita 50 kwa 50. Kinachokatwa hupakana na kisichokatwa, na kilichokatwa hakiguswi tena mpaka ipite miaka 24. Fedha za ushuru ziliingia kijijini. Mpango huo ulielezwa kuwa mpya, na ramani zake ni mpya kweli. Lakini kiini chake ni kile kile cha konde lililolala: kata, ondoka, na urudi wakati kisiki kimelipa deni lake.

Nchi yetu imefundisha kwa miaka mingi kwamba anayekata mti apande mti. Wito huo ni mwema na uendelee, hasa kwa misindano, minazi na miti mingine isiyochipua. Lakini katika mapori ya Kibaha na Kisarawe mti mpya mara nyingi umekwisha kupandwa, nao una mizizi yenye umri kuliko sisi. Unachodai ni ulinzi. Walimu na wanafunzi wanaweza kuuonyesha ukweli huu karibu na shule zao. Wachague visiki kumi, waviwekee alama, wapunguze machipukizi ya vitano yabaki mawili au matatu yenye nguvu, wavizuie moto na mbuzi, kisha wapime kimo kila mwisho wa masika na vuli. Darasa litakaloanza kazi hiyo halitaimaliza. Litaikabidhi daftari kwa darasa linalofuata.

Wazee walisema penye miti hapana wajenzi. Katika historia tuliyoipitia wajenzi walikuwapo, nao walijua kukata. Waliponyang'anywa mamlaka juu ya muda, kwanza na mpaka wa mkoloni na baadaye na haraka ya soko, ujuzi wao ulikosa mahali pa kufanyia kazi. Kazi ya kizazi hiki ni kuyarudisha mamlaka hayo mikononi mwa wanavijiji pamoja na wajibu wake, ili anayekata leo awe na hakika kwamba mwanawe atavuna pale pale.